Koloni Moja Ukingoni

Juzi binti yangu, akitazama vumbi likielea katika mwanga wa dirishani, aliniuliza kama bakteria nao huelea hivyo. Nilimjibu kwamba wengi husafiri juu ya vumbi hilohilo na juu ya vigamba vya ngozi zetu, akaridhika akaenda kucheza. Mimi nilibaki na Agosti ile ya Mbeya.

Tulikuwa tukitengeneza matone ya macho yasiyostahimili nyuzi 121 za otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke moto, kwa hiyo usalama wake ulitegemea hewa iliyochujwa ya kabati la kujazia. Kando ya chupa tuliacha wazi sahani ya agari, ute mgumu wa kuoteshea bakteria wanaotua kutoka hewani, yenye upana wa milimita 90, kwa muda usiozidi saa 4, maana ikikaa zaidi agari hukauka na kilichotua huenda kisiote.

Sahani ilipotoka kwenye inkubeta, kasha la joto la kuoteshea bakteria, mzee aliyetufundisha kazi aliiinua kwenye mwanga na kuizungusha taratibu. Ilikuwa tupu kabisa, isipokuwa ukingoni, ambako palikuwa na doa moja la manjano, la mviringo, linalong'aa, dogo kuliko punje ya ulezi. Katika chumba kinachozunguka kabati tungeruhusiwa koloni 5, yaani madoa ya bakteria kama hilo; ndani ya kabati, hata moja hairuhusiwi. Chini ya darubini vilionekana viduara, ndio bakteria wenyewe, vilivyokaa vinne vinne.

“Hawa ni wa ngozi ya mtu,” alisema mzee, “vumbi la nje tusilisingizie.”

Hakuna aliyemtaja dada aliyejaza chupa, ambaye alipenda kuimba tenzi kwa sauti ya chini nyuma ya barakoa, ingawa sote tulijua kwamba kuimba huongeza kinachomtoka mtu. Lakini koloni ya ukingoni ina utata wake: ingeweza vilevile kuingia mfuniko wa sahani ulipofunguliwa, na mfuniko huo haukufunguliwa na yeye.

Dawa yote ilimwagwa, wagonjwa wa macho wakaambiwa wasubiri. Sahani zilizofuata zilikuwa safi, jambo ambalo halikutuambia lolote, kwa kuwa dada aliacha kuimba bila kuambiwa, na wiki hiyohiyo sisi nasi tulibadili namna ya kufunua mifuniko.