Mbegu sifuri: ECM1 na TEX101 zinasaidia nini

Shahawa zisipokuwa na mbegu hata moja, ama korodani zinatengeneza mbegu lakini njia imeziba, ama uzalishaji wenyewe umekwama. Hadubini haiwezi kutenganisha hali hizi mbili, na kwa muda mrefu uamuzi umeachiwa biopsi ya korodani, yaani kukata kipande kidogo na kukichunguza. Mwaka 2013 watafiti wa Toronto, Kanada, walipendekeza protini mbili za kwenye shahawa, ECM1 na TEX101, zipunguze kisu hicho.

ECM1 hutoka kwenye epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Njia ikiziba mbele ya hapo, ECM1 haifiki. Kizingiti cha watafiti hao kilikuwa mikrogramu 2.3 kwa mililita, chini yake mtu huhesabiwa ameziba: kilinasa wote wenye kuziba, ila katika kuwatenga na wasiozalisha umahususi wake (sehemu ya wasioziba inaowatambua sawasawa) ulikuwa 73%. Kwa hiyo, kati ya wasiozalisha 100, kama 27 wangeitwa "wameziba" kimakosa. Mimi nisingempeleka mtu kuzibuliwa mirija kwa namba hiyo peke yake, bila FSH (homoni inayochochea korodani kutengeneza mbegu) na ukubwa wa korodani.

TEX101 hutengenezwa na seli za mbegu ndani ya korodani, na ndiyo inayonivutia zaidi. Kuna wanaume ambao mbegu zao hukwama katikati ya kukomaa huku FSH na korodani vikiwa vya kawaida kabisa. Vipimo vya kila siku huwapita, na hapo ndipo TEX101 inaweza kusaidia. Lakini njia ikiziba TEX101 nayo hupotea, ndiyo maana ECM1 husomwa kwanza.

Sampuli ndiyo huharibu mengi. Mtu ajizuie kumwaga siku 2 hadi 7, na akusanye yote. Tone la kwanza likimwagika, hasara ni kubwa: ndilo hubeba majimaji ya epididimisi na tezi dume, na yanayofuata ni ya vifuko vya shahawa, ambavyo huchangia zaidi ya nusu ya ujazo. ECM1 itasomeka chini, na mtu asiyeziba ataonekana ameziba.

Shahawa huyeyuka ndani ya dakika 30, mara nyingine 60, kwa sababu PSA, kimeng'enya cha tezi dume, hukatakata semenojelini, protini inayoigandisha. Vimeng'enya haviishii hapo, huendelea kukata protini nyingine, kwa hiyo usiiache mezani hadi jioni. Zungusha kwenye mashine ya kutenganisha (sentrifyuji) kwa 3000 g, yaani mara 3000 ya nguvu ya uvutano, dakika 15, kisha tazama mashapo kwa hadubini kabla ya kuandika "sifuri". Majimaji ya juu yagawe kwenye vichupa vidogo, ugandishe kwa −80°C. Kichupa kilichoyeyushwa kisirudishwe.

Ujazo ukiwa chini ya mililita 1.4, pima pia pH (kiwango cha asidi), fruktosi (sukari ya vifuko vya shahawa), na mkojo wa baada ya kumwaga, kuona kama shahawa zilirudi kwenye kibofu.