C60 ndani ya kioo: mwanga ukizidi, unaopita unapungua

Kioo cha kawaida hufyonza sehemu ileile ya mwanga, uwe hafifu au mkali. Chenye fulereni, yaani C60, molekuli ya atomi 60 za kaboni yenye umbo la mpira, ni tofauti, na ndiyo raha yake: leza ya kijani ya nanomita 532 ikizidi nguvu, sehemu inayopita hupungua. Molekuli ikishasisimka huingia hali ya tripleti (hali ya msisimko inayodumu zaidi) ndani ya nanosekunde 1 na ushee, na humo hufyonza kijani zaidi kuliko ilipokuwa imetulia.

Usitie fulereni kwenye kioo kilichoyeyushwa tanurini, itaungua. Tumia soli-jeli, njia ya kugandisha kimiminika kiwe jeli kisha kioo bila kuyeyusha: tetraethoksisilani (kimiminika kinachotoa silika, mali ya kioo), ethanoli, maji na asidi kidogo. Shida kubwa ni kwamba C60 huyeyuka kwenye toluini, takriban miligramu 2.8 kwa mililita, lakini haikubaliani na ethanoli wala maji. Rangi ya zambarau ya C60 ikigeuka kahawia, ujue molekuli zimeshikana, na kipande kitatawanya mwanga. Afadhali fulereni iliyounganishwa mkia wa kemikali unaoshika silika.

Kwa unyevu wa Tanga, chupa ya tetraethoksisilani ikiachwa wazi huanza kuharibika. Ila unyevu huohuo husaidia kukausha jeli polepole. Funika chombo, toboa matundu machache ya sindano, subiri wiki kadhaa. Ikikauka upesi, kimiminika kinachotoka kwenye vitundu vidogo vya jeli huvuta kuta zake na kipande hupasuka.