Chumvi Ndani ya Pampu

Mshale wa joto la injini ulianza kupanda tukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, upande wa kisiwani, feri yenyewe iko ng'ambo. Mama aliuona kabla yangu. Hakungoja ufike penye nyekundu. Alizima injini papo hapo, akavuta breki ya mkono, akashuka. Mvuke ulikuwa umeanza kutoka pembeni mwa boneti. Kijana muuza korosho akaja mbio na kitambaa mkononi, tayari kufungua kifuniko cha rejeta. Mama akamzuia: "Wacha, mwanangu, yatakubabua uso." Alisema kweli. Maji ya rejeta yakiwa chini ya shinikizo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na kifuniko kikilegea tu yanaruka yote kwa mkupuo mmoja.

Kuzima mapema ndiko kulikoliokoa gari, na sifa hiyo nampa Mama mpaka leo. Injini ya Corolla yetu, aina ya 5A, kichwa chake ni cha alumini na bloku yake ni chuma. Alumini ikizidiwa na moto hupinda, gasketi, ile ya kuzibia kati ya kichwa na bloku, ikaungua, na hapo huna budi kuifungua injini.

Ilikuwa mwaka 2007, nami niko kidato cha tatu. Mama alikuwa mpishi wa harusi, na Corolla ile ndiyo iliyobeba masufuria yake, miiko na magunia ya mchele kutoka kwetu Majengo hadi popote alipoitwa. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kuona uwanja wa kupikia, kwa kuwa harusi ya Ijumaa ilikuwa ng'ambo, Likoni. Barabara ya Dongo Kundu, ile inayofika pwani ya kusini bila feri, ilikuwa bado haijajengwa. Ukitaka kwenda pwani ya kusini, ni feri. Jirani yetu mwenye pikapu akaja akatuvuta kwa kamba mpaka kwenye kichochoro cha nyumbani.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitazama juu juu, akatoa dawa mbili. Tutie manjano ya kupikia ndani ya rejeta yazibe panapovuja, kisha themostati itolewe itupwe, maana Mombasa hakuna baridi. Dawa hizi zote mbili ningali nazisikia, na bado zinanikera. Manjano huenda yakaziba palipovuja, lakini pia yanaziba vile vijia vyembamba vya rejeta ambamo maji hupita ili yapoe. Na themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya nje. Kazi yake ni kuyazuia maji mpaka injini ifike joto lake la kazi, kama nyuzi 82 hivi kwa gari la namna ile, ndipo inapoyafungulia njia ya kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, inakunywa petroli zaidi, na ugonjwa wenyewe unabaki pale pale. Mama alimpa nauli yake, akamshukuru, kisha akanituma kwa Mjomba.

Mjomba alikuwa amestaafu ubaharia. Miaka yake mingi aliimaliza chini, kwenye chumba cha injini, si juu kwenye sitaha. Alikuja baada ya alasiri na mfuko wa gunia uliojaa spana.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Lete tochi, na usikae mbali."

Mama akamletea kahawa na kiti. Kiti hakukikalia. Wala spana hakuigusa. Alianza kwa kuuliza maswali, hana haraka, utadhani tuna mwezi mzima mbele yetu.

"Gari hili mwaliongeza maji mara ngapi?"

"Kila asubuhi, Kaka. Siku hizi hata jioni."

"Maji gani?"

"Ya kisima. Ya mfereji yako wapi?"

Mombasa hilo ni swali la haki. Maji ya mji huu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Yanagawanywa kwa watu wengi kuliko yanavyoweza kuwatosha, na mfereji wetu ulikuwa ukikaa siku kadhaa unatoa upepo. Ya kunywa tulinunua kwa mitungi kutoka kwa watu wa mikokoteni. Ya kufulia, kuoshea vyombo na kutia kwenye gari yalitoka kisimani uani, na kisima cha kisiwani kina chumvi. Kila mwenye gari mtaani alifanya hivyo hivyo.

Mjomba akaniambia niishike puli ya pampu ya maji, ile inayozungushwa na fanibelti pamoja na altaneta, niitikise. Ilicheza. Ilikuwa inakwenda na kurudi, kidogo tu, lakini kwa mkono unasikia wazi. "Beringi hiyo," akasema. Halafu akaipeleka tochi chini ya pampu. "Ndoo uone hapa."

Chini ya mwili wa pampu pana tundu dogo ambalo watu wengi hawajui kama lipo. Ndani yake, upande mmoja kuna maji, upande wa pili kuna beringi, na katikati kuna sili inayozuia maji yasivuke. Sili ikichoka, maji machache yanayopenya hutokea kwenye tundu hilo, ili yasiingie kwenye beringi na ili mwenye gari apate habari mapema. Habari yetu ilikuwa imeandikwa pale zamani. Kutoka tunduni mpaka chini kwenye bloku palikuwa na mchirizi mweupe, mgumu, wenye kingo za rangi ya kutu. Mjomba akaubandua kwa ukucha, kikatoka kigamba. Akakiponda kwenye kiganja changu. Ilikuwa chumvi, nyeupe kabisa, chumvi ya kisima chetu iliyobaki baada ya maji kukauka kwa moto wa injini.

Hapo ndipo tulipoanza kufungua. Waya wa betri ulitoka kwanza. Maji tuliyatoa kwa koki ya chini ya rejeta, yakaingia kwenye beseni, mekundu kama chai ya rangi. Bolti za puli Mjomba alizilegeza fanibelti ikiwa bado imekaza, kwa sababu ukitoa belti mwanzo puli inazunguka ovyo na huna pa kuishikia. Ndipo akalegeza altaneta, belti ikatoka, puli ikatoka. Ikafuata bomba la kijiti cha kupimia oili, kifuniko cha plastiki cha belti ya taimingi, na nati mbili za bomba la maji lililo nyuma, ambazo hazionekani. Unazitafuta kwa vidole. Mikono yangu ilikuwa midogo kuliko yake, kwa hiyo hizo nilizifungua mimi. Kila bolti iliyotoka aliipanga kwenye sinia ya Mama kwa mpangilio wake, kwa kuwa za pampu hazikuwa na urefu mmoja, na ndefu ukiitia pahali pa fupi unaharibu kazi.

Pampu haikutaka kutoka. Aliigonga kwa kipande cha mbao, huku na huku, polepole, mpaka ikaachia.

Nakumbuka vizuri sana jinsi ilivyokuwa. Kipangaboi cha ndani, kile kinachosukuma maji, kilikuwa kimeliwa. Mapanga yake ya chuma yalikuwa yamekonda kwenye ncha kiasi kwamba mawili niliweza kuyakunja kwa kidole gumba. Kitu cha namna hiyo hata kikizunguka hakisukumi maji ya kutosha, hasa injini ikiwa inanguruma taratibu kwenye foleni. Kwenye mwili wa pampu, alumini ilikuwa imefanya mashimo-mashimo na unga mweupe.

Mjomba alikaa kwenye kiti sasa, pampu mkononi, akamwita Mama.

"Mimi nimekaa melini," alimwambia. "Meli iko ndani ya bahari, imezungukwa na maji kila upande, bure. Na bado maji ya bahari hatuyatii ndani ya injini. Injini ina maji yake matamu, yenye dawa, yanazunguka humo humo. Ya bahari yanapita kwenye chombo chake mbali, yanayapoza yale matamu kupitia ukuta wa chuma, yanarudi baharini. Hayakutani. Sasa wewe una kisima kimoja uani, ukayatia yote."

Mama hakujibu. Aliichukua pampu akaitazama kwa muda.

Mjomba akatueleza kinachotokea. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na chuma na alumini zikikaa pamoja ndani yake, moja huanza kuliwa, kitu kile kile kinachofanyika ndani ya betri. Tena chumvi huivua alumini lile gamba jembamba linaloikinga. Na ile kulanti, maji ya rangi ya kupozea injini, ambayo sisi watu wa pwani tunasema ni ya Ulaya, ya kuzuia barafu, kuzuia barafu ni kazi yake moja tu. Ina dawa za kuzuia kutu na huilinda sili ya pampu. Mombasa barafu hatuna, lakini chuma tunacho.

Akataka sabuni ya mche na vikombe viwili. Kimoja akatia maji ya kisima, cha pili maji ya mtungi tuliyonunua. Akasugua sabuni kwenye kila kimoja. Cha mtungi kikatoa povu mpaka likamwagika. Cha kisima kilifanya mabonge ya kijivu yakaelea juu. Mama alikuwa akifua kwa maji yale miaka yote na mabonge yale aliyajua vizuri. Sikuwahi kumwona ameyatazama namna alivyoyatazama jioni ile.

Kesho yake mimi na Mjomba tulikwenda Mwembe Tayari kutafuta pampu, ile mbovu tumeibeba kwenye mfuko wa plastiki. Muuzaji alitutolea ya eksi-Japani iliyotumika, bei yake rahisi. Mjomba aliikataa kwa heshima. Pampu iliyotolewa kwenye injini ikakaa kavu rafuni, sili yake huwa imekauka, na wiki hiyo hiyo inaweza kuanza kuvuja. Tulichukua mpya pamoja na mpira wake wa duara. Aliziweka mbili juu ya kaunta, akahesabu mapanga, akalinganisha matundu ya bolti na kimo cha kitako cha puli, ndipo akatoa pesa. Njiani tukanunua galoni ya kulanti na maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi.

Kwenye bloku, mahali pa kukalia pampu palikuwa na ukoko. Nilichukua bisibisi nikwangue, akaniambia hapana, chuma kitachora, na palipochorwa patavuja. Mama akavunja mwiko wa zamani, akanipa kipande cha mpini. Nilikwangua kwa mti ule mpaka pakang'aa, nikamalizia kwa msasa laini. Ndani tulisuuza kwa maji ya mtungi, tukayamwaga, tukasuuza tena, mpaka yakatoka meupe.

Kurudisha kulikwenda haraka. Mpira tuliupaka kulanti kidogo uteleze, bolti zikakazwa zote kwa kupokezana, fanibelti ikavutwa mpaka ukiibonyeza kwa kidole gumba inashuka kama sentimita moja.

Kilichobaki kilikuwa kutoa upepo. Watu wengi hujaza maji, hufunga, huondoka, na upepo uliobaki ndani unawachemshia gari upya. Mjomba alijaza kulanti na maji ya betri nusu kwa nusu, akaacha kifuniko wazi, akawasha injini, kisha akanikalisha ndani niwashe hita mpaka mwisho ili maji yapite na huko. Hita, Mombasa, mwezi wa pili! Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo. Nje nilimwona ameshika mpira wa juu wa rejeta, anangoja. Mapovu yakapanda, yakapasuka, maji yakashuka, akaongeza. Ghafla akainua mkono: mpira ulikuwa umepata moto, themostati imefunguka. Punde feni ya umeme ikawaka yenyewe, ikazima yenyewe. Mshale ulisimama chini kidogo ya nusu, ukakaa. Mama alikuwa mlangoni na kanga yake begani, akasema alhamdulillah kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani.

Ijumaa tulivuka. Foleni ilikuwa ndefu na jua la saa nne, masufuria nyuma, mbuzi wawili waliochinjwa ndani ya beseni kubwa. Mama aliendesha huku jicho lake liko kwenye mshale, na mshale haukumpa kazi. Biriani ya harusi ile iliiva kabla ya swala ya adhuhuri.

Tangu siku hiyo pakawa na mtungi mmoja chini ya mfereji wa bati, wa kukinga maji ya mvua, Mama ameuandika kwa rangi MAJI YA GARI, na ole wake aliyeoshea mguu. Wenye matatu wawili wa mtaani wakaanza kuja kuyaomba, akawapa, lakini kwanza aliwaonyesha ile pampu ya zamani, ambayo hakukubali itupwe.

Gari tuliliuza mwaka 2013, pampu ikiwa ile ile tuliyoitia uani. Kijana wa Changamwe aliyelinunua alihesabu pesa, akanyoosha mkono apokee ufunguo. Mama akaubana kwenye kiganja. "Humu ndani hamna maji ya kisima," akamwambia. "Ukiyatia, usije ukanambia nilikuuzia gari bovu."