Mathayo 18 si kifunika kombe

Leo nimekaa tena na Mathayo 18, aya ya 15 mpaka ya 17, ambapo Yesu anaeleza hatua za kumwendea ndugu aliyekukosea. Maneno haya hutajwa kila ugomvi ukizuka kwenye kwaya au jumuiya, na mara nyingi hutajwa ili aliyeumizwa anyamaze. Inauma, kwa sababu yaliandikwa ili aseme.

Hatua ya kwanza ni ya aliyekosewa: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Tuseme mhazini amekula laki mbili za sare. Anayemwendea aende na daftari la michango, ataje tarehe na kiasi. Ukimwambia tu "siku hizi hatukuelewi", umempa mlango wa kutokea. Na ukianza kwa kuandika kwenye grupu la WhatsApp, hatua hii umeshaiua.

Ya pili, asiposikia, ni kumrudia na mtu mmoja au wawili, nayo ndiyo tunayoiharibu zaidi. Hao ni mashahidi, kwa kanuni ya Kumbukumbu la Torati 19:15 kwamba jambo lithibitishwe na mashahidi wawili au watatu. Tukichukua mashemeji na marafiki wa upande mmoja, hapo tumepeleka jeshi. Shahidi wa kweli anaweza kusikiliza pande zote akakuta mlalamikaji ndiye mwenye kosa, naye aseme hivyo. Wote hao wakipuuzwa, ndipo kanisa liambiwe.

Halafu malipo, jambo tunaloliruka kabisa. Walawi 6:5 inamtaka aliyedhulumu arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano: kwa laki mbili, alipe 240,000, tena siku ileile anayoleta sadaka yake ya hatia. Zakayo, mtoza ushuru aliyempokea Yesu nyumbani kwake, aliahidi kurudisha mara nne. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulijulikana hivyo: watu waliungama, kisha wakarudisha walivyoiba. Kumsamehe mtu hakumzuii kulipa, na kumdai si kukosa upendo.

Lakini yapo makosa ambayo hatua ya kwanza haiyahusu kamwe. Mtoto aliyenajisiwa hatumwi akaongee peke yake na aliyemnajisi, wala wazee hawana ruhusa ya kuyamaliza nyumbani kwa mbuzi na bahasha. Warumi 13:4 inampa mtawala upanga kwa ajili ya mambo kama haya. Mtoto asiogeshwe, nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye plastiki hushika unyevu na ushahidi ukaharibika. Afike hospitali mapema iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia VVU hutolewa ndani ya saa 72 tu. Kwa Tanzania, kesi ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au ipigwe 116, bure. Mchungaji anayesema "tuombe kwanza" anakula saa za mtoto. Aombe wakiwa njiani.

Na yule asiyesikia hata kanisa? "Awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru." Wengi huisoma kama ruhusa ya kumkata, ilhali Yesu aliketi chakulani na watoza ushuru. Mhazini wetu aendelee kutembelewa na kukaribishwa ibadani, ila Meza ya Bwana isubiri toba. Akitubu na kulipa, arudi kundini bila kunyooshewa kidole. Sanduku la fedha lishikwe na mwingine, na kila malipo yapite kwa saini mbili.