Siku moja maishani mwangu: Gewürztraminer kwenye joto la Nungwi

Saa 2 asubuhi. Kazi ya mhudumu wa mvinyo huanzia stoo. Kipimajoto kinapaswa kusoma nyuzi 12 hadi 14. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, mlango haufunguliwi ovyo. Baridi iliyomo ndani ndiyo akiba.

Saa 4. Mzigo unaingia kutoka mjini. Gewürztraminer, mvinyo mweupe wa Alsace, Ufaransa, huja katika chupa ndefu nyembamba, na kila moja naipapasa shingoni. Kizibo kikichomoza, au ubavu ukinata, chupa imepigwa na joto: mvinyo umetanuka, ukasukuma kizibo, hewa ikapenya. Hiyo naikataa papo hapo, iwe ghali namna gani. Mvinyo huu thamani yake ni harufu, na joto huharibu harufu kwanza.

Saa 8 mchana, mafunzo na wenzangu. Zabibu za Gewürztraminer zina ganda lenye wekundu wa waridi ijapokuwa mvinyo ni mweupe. Milima ya Vosges huzuia mvua itokayo magharibi, hivyo mashamba ya pande za Colmar, mji wa Alsace, ni makavu na zabibu huiva mpaka sukari inapanda sana. Ndiyo maana kilevi hufika asilimia 13 au 14, na uchachu huwa mdogo. Harufu ni ya waridi na lichi, tunda la ukoo mmoja na shokishoki zetu.

Saa 11 jioni. Napoza chupa: nusu maji, nusu barafu, dakika 20. Barafu tupu hupoza polepole, maana haigusi chupa pande zote. Ndoo iwe ya kina. Chupa hizi zikibaki shingo nje, glasi ya kwanza hutoka vuguvugu.

Saa 2 usiku. Namimina ikiwa nyuzi 8 hadi 10. Ikishuka hadi 4, waridi halinuki na uchungu wa ganda unajitokeza. Kwa pweza wa nazi sioni mvinyo mwingine wa kuushinda: tui na viungo vinakaa nao vizuri mno. Urojo siushauri, kwani ndimu na embe huufanya uonekane umepooza. Pilipili ikizidi, kilevi huongeza mwako. Hapo natafuta chupa yenye utamu zaidi.

Saa 5 usiku. Iliyobaki naiziba, naandika tarehe, naisimamisha frijini. Siku ya tatu ikifunguliwa na waridi halipo, haiuzwi kwa glasi.