Umbeya wangu wa Jumamosi

Basi la Singida kwenda Dar. Jirani yangu binti, kwa kumtazama hajafika hata miaka 14, na mama mmoja anayemwita "mwanangu". Nikamuuliza, mdogo wangu unaenda wapi? Akamtazama mama kwanza.

Dodoma tuliposhuka kuchimba dawa nikamfuata chooni. Anaenda kufanya kazi za ndani. Kwa nani, hajui. Huyo mama kamjua juzi. Simu kachukuliwa "isipotee".

Sikumvaa mama wa watu. Ningeanzisha zogo angeshuka naye njiani, na ndiyo basi tena. Nikapiga 116, ile namba ya bure ya watoto, nikataja namba za basi, viti vyao, na saa ya kufika Morogoro. Kondakta nikamnong'oneza.

Morogoro wakapanda askari wawili, mmoja wa kike. Abiria wakalalamika tunacheleweshwa, kaka mmoja akaniita mmbeya. Sawa. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tunayo tangu 2008, na kwa mtoto hata akisema "nimekubali" haihesabiki.

Binti alishuka na kimfuko chake cha rambo. Mama akafuata nyuma, kimya.