Ndala za Bibi wa Uru

Jana binti yangu alikuwa akipekua droo akitafuta kifutio, akaibuka na picha. "Mama, mbona ndala hizi hazifanani?" Moja ya bluu, nyingine ya kijani. Nikamwambia ni za yule bibi wa Uru, kule mlimani juu ya mji wa Moshi. Akaitikia "ahaa", akarudi kwenye msako wake. Mimi nilishindwa kurudi kwenye shughuli zangu.

Mwaka niliokutana na bibi huyo ndio nilioanza kupiga picha za viatu vitupu, bila mguu wala uso wa mtu. Wazo nilipewa na picha iliyopigwa na mpiga picha Walker Evans mwaka 1936, kutoka Alabama, Marekani: buti za kazi za mkulima wa pamba, Floyd Burroughs, zimewekwa juu ya ardhi tupu. Miaka 50 kabla ya hapo, 1886, mchoraji Vincent van Gogh alishachora buti kuukuu mjini Paris. Nikatazama mitaa ya Moshi nikaona tuna utajiri uleule. Gambuti za wakata majani ya ng'ombe. Yeboyebo za watoto wakati wa masika. Moka za wazee wa kanisa, zinang'aa kwa kiwi kila Jumapili. Katambuga nilizipiga kwanza, kwa fundi aliyekuwa akichovya kisu kwenye maji ili kipenye vizuri kwenye tairi. Zilitoka vizuri, sina la kusema zaidi.

Ndala za bibi nilizionea sokoni Mbuyuni. Alikuwa ameshuka na ndizi mshare, na tope la shambani lilikuwa limeganda mpaka kwenye kamba. Chini ya ndala ya kushoto, kamba ilikuwa imezuiwa na msumari uliopindwa. Nikamwamkia, nikamweleza ninachotaka. Akacheka sana, kisha akasema, "Njoo nyumbani kesho, mwanangu."

Ilikuwa Julai, na wa Moshi mnaijua Julai yetu: mlima umejifunika tangu alfajiri, mwanga mpole unamwagika kutoka kila upande. Mwanga huo unapendeza kwenye uso wa mtu, lakini kiatu unakilaza kikawa bapa. Kiatu kina mabonde yake, pale dole gumba lilipobonyea na kisigino kilipolika. Mabonde hayo hujitokeza mwanga ukiyapiga kwa ubavuni, chinichini; fleshi huyafuta yote. Kwa hiyo njiani nilikuwa nikiwaza mlango tu. Nyumba yenye mlango mmoja uliofunguliwa na giza kidogo ndani ingenitosha.

Mlango ulikuwepo. Tope ndilo halikuwepo.

Bibi alitoka nyuma ya nyumba amezishika ndala kwa ncha za vidole, zinachuruzika maji. Alikuwa amezisugua kwa dodoki na sabuni ya mche mpaka kingo zikawa nyeupe. Akazipanga juu ya kanga iliyokunjwa, akarudi nyuma hatua moja, akaziangalia, akasogea tena kuirekebisha ya kijani.

"Haya, piga."

Nikajaribu kwa upole. "Bibi, mimi nilizipenda vile zilivyokuwa jana."

Akanitazama bila hasira. "Jana nilikuwa natoka shamba. Leo napigwa picha."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nikaivuta kanga karibu na mlango, nikaweka kamera juu ya kigoda kwa kuwa stendi ya kamera sikuwa nayo, nikaegemeza mfuko mweupe wa unga upande wa pili urudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Tundu la lenzi nikalibana mpaka f/8 ili mbele na nyuma vyote vionekane, shata, kile kilango cha mwanga ndani ya kamera, ikabidi iwe ya polepole, nikabana pumzi kila nilipobonyeza. Hapo ndipo nikaona jambo ambalo tope lilikuwa limelificha. Vidole vyote vilikuwa vimejichonga kwenye mpira, kimoja kimoja, na shimo la dole gumba la kushoto lilikuwa refu kuliko yote. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akainama, akatazama kwa muda. "Huo ndio mguu ninaoutanguliza nikiteremka na mkungu kichwani," akasema.

Baada ya hapo nikawa namwachia mwenye kiatu aamue. Fundi mmoja wa stendi ya mabasi alinisubirisha mpaka atie kamba mpya. Kijana mmoja "mgumu", kama tunavyowaita wanaobeba mizigo ya wageni mlimani, alinikataza nisiguse hata punje ya udongo. Pale geti la Mweka, kwenye njia ya kushukia, kuna vijana wanaoosha buti za wanaorudi kutoka juu, naye aliwapita makusudi. Alitaka mama yake aone alikotoka.

Nikimtazama Burroughs sasa, ninajiuliza kama aliulizwa buti zake zikae vipi. Nikikaa na picha ya bibi, ninaona heshima yake yote, na bado ninalitamani lile tope la Mbuyuni, kwa sababu lilibeba njia nzima kutoka Uru. Ninataka kuzitundika picha hizi ukutani mwaka huu. Ya mgumu na ya bibi lazima ziwe jirani. Ipi itangulie, nimebadilisha mawazo tena leo asubuhi.